Mishumaa ya Mafuta ya Kondoo

Mama,

Leo ni arubaini yako. Najua kwenu hamhesabu, lakini sisi Wapemba tunahesabu, na sikuweza kukuacha nje.

Harusini kwetu hukuja. Hata ulipohamia hapa nyumbani kwetu Barking baada ya kiharusi, miezi mitatu ulinijibu kwa kichwa tu. Kisha umeme ukakatika, ukaniona napapasa kwenye droo natafuta tochi, ukacheka. "Kwetu kijijini Ireland tulijitengenezea mishumaa," ukasema. Kesho yake ukanituma buchani. "Lete mafuta ya kondoo, si ya nguruwe. Ili na wewe uweze kuyashika." Sikukwambia, Mama, lakini nililia njiani.

Ulikaa kitini ukiniongoza: chovya uzi, inua, ngoja ugande, chovya tena. Nikiharakisha unasema, "Huo mkia wa panya, si mshumaa." Nyumba nzima ilinuka shahamu. Brendan, mwanao, mume wangu, alifungua madirisha yote huku akitabasamu. Ukaniambia mama yako alikata roho mshumaa kama ule ukiwaka kando yake, na wewe unautaka siku yako ikifika. Nikaahidi.

Nisamehe. Siku yako ilipofika niliubeba mkobani hadi wodini. Nesi akakataa, kuna oksijeni. Alikuwa na haki. Lakini nilimfuata koridoni, nikabishana, nikapandisha sauti. Niliporudi, mdomo wako ulikuwa wazi, na mkono umening'inia nje ya shuka.

Brendan alifika mbio kutoka kazini Stratford. "Ulikuwa naye?"

Nikasema ndiyo. Nikasema nilikushika mkono hadi mwisho.

Tangu siku ile anamwambia kila mtu hivyo. Kanisani alinishukuru mbele ya jamaa zenu wote, dada zako wakanikumbatia, nami nikasimama pale kama mwizi. Sasa Brendan hali chakula vizuri. Analala kitandani kwako. Sufuria tuliyoyeyushia mafuta ameitupa, anasema harufu yake haivumilii.

Siwezi tena, Mama. Siwezi kushukuriwa kwa uongo.

Jumapili, akirudi kutoka kanisani, nitamwambia kweli: kwamba ulikufa peke yako, nami nipo hatua kumi tu, nagombana. Labda hatanisamehe. Labda ataondoka. Nitamwambia hata hivyo. Hii ahadi nitaitimiza.

Buriani, Mama. Pumzika.

Mkweo,
Asha