Kochi la Kukhu na Mtu Aliyekuja Kukupiga Msasa

Mpendwa Shangazi Nekesa,

Nakuandikia nikiwa bwenini hapa Kitale, wenzangu wako uwanjani. Unajua mimi na mpira. Nimekumbuka ile sauti yako ya simu nikacheka peke yangu, mpaka matroni akaja kuuliza kama ninaumwa.

Mwaka ule ulipokopa ili nilipiwe karo, kwa kikundi cha akina mama na tena kwa mikopo ya simu, nambari ngeni zilianza kupiga kabla jogoo hajawika. Ulikuwa unapokea, unabana pua na kusema polepole, "Samahani, mteja wa nambari uliyopiga hapatikani kwa sasa." Siku moja mtu wa mikopo akakuuliza, "Kama hupatikani, nani anapika? Nasikia sufuria." Ukamjibu kwa sauti ile ile, "Tafadhali jaribu tena baadaye."

Walipochoka nawe wakawapigia watu wote waliokuwa kwenye simu yako: mwalimu wa kwaya, fundi wa cherehani, hata pasta. Na kikundi nacho, ukichelewa kulipa, wanachama huja kubeba viti. Hivyo Myanga yote, kijiji chetu, ikajifunza sheria moja: mgeni mwenye viatu safi na faili kwapani akimuulizia mtu, mtu huyo hajulikani.

Kisha ukaomba kazi ya serikali, ya kutunza faili ambazo si kila mtu anaruhusiwa kuzisoma. Tulikuwa tukichambua kunde uliponieleza. "Lazima nipigwe msasa," ulisema. "Watachunguza ninaishi wapi na nadaiwa na nani. Mwenye deni anaweza kununuliwa. Mtu anamlipia deni, naye anamtolea siri."

Nikakuuliza kama wewe unanunulika.

"Kwa deni hili, bei yangu si ya chini," ulisema. Lakini hukucheka. Uliendelea kuchambua kijiti ambacho hakikuwa na jani tena. Nikajua kwamba ukikosa kazi ile, utakuwa umeikosa kwa sababu ya karo yangu. Nikakuomba tumwambie Kukhu, nyanya yangu, kuna mtu atakuja. Ukakataa. Ulisema kumwonya ni kumfundisha majibu, na wewe hutaki kuanza kazi ya uaminifu kwa kuiba mtihani.

Mtu huyo alikuja tukiwa likizo, wewe uko Kitale kazini kwenye cyber yako, lile duka la intaneti. Viatu vilikuwa safi. Faili ilikuwa kwapani. Kabla hajafika langoni kwetu, kochi la Kukhu lilikuwa limeshatoka kwa mlango wa nyuma na kuingia kwa jirani yetu Mama Zipora.

Alianza kwa Mama Zipora. "Nekesa?" mama huyo akajibu, akiwa ameegemea mlango ili kochi lisionekane. "Si huyo aliolewa Uganda? Hata hatujui kama atarudi." Fundi wa viatu akavua kofia na kusema ulifariki, maskini, na mazishi yalikuwa mazuri. Kukhu, mama yako mzazi, alimtazama yule mtu machoni akamwambia, "Mimi Mungu alinipa wavulana tu."

Nilikuwa nyuma ya dirisha na kitabu changu. Shangazi, fikiria. Ulikuwa unaomba kazi ya siri, na kufikia saa ya chai ulikuwa umeolewa ng'ambo ya mpaka, umezikwa, na hukuwahi kuzaliwa.

Yule mtu akafunga faili akaenda zake. Unajua mimi hata duka nikiingia hunong'ona. Nilimkimbilia mpaka barabarani, nikasimama mbele yake.

"Nekesa ni shangazi yangu," nikasema. "Ana deni. Ni la karo yangu. Analipa kila mwisho wa mwezi, na mwezi akikosa huenda kwa kikundi mwenyewe akawaambia."

"Kwa hivyo yuko hai?"

"Yuko hai. Yuko Kitale kazini, hurudi hapa Jumamosi."

"Na Uganda?"

"Hajaolewa popote. Kukhu analalamika kila Jumapili."

Akacheka, kisha akaniambia jambo ambalo sijalisahau. "Hilo deni alituandikia mwenyewe, mpaka shilingi ya mwisho. Deni la kuficha ndilo mtu hukutishia nalo. La kusema halina wa kukutisha. Shida yangu ilikuwa moja tu: ameandika anaishi hapa, na hapa hayuko."

Nikamrudisha nyumbani. Kukhu aliposikia huyu si wa mikopo, alipiga kelele kuelekea kwa Mama Zipora, na kochi likarudi kwa mlango wa mbele, fundi wa viatu akiwa ameshika upande mmoja. Walilitua pale pale alipokuwa amesimama mgeni.

"Keti, mwanangu," Kukhu akamwambia. "Nekesa nimemzaa mimi mwenyewe. Kichwa chake kilinisumbua sana."

"Na mazishi?" mgeni akamuuliza fundi.

"Bana, hayo yalikuwa ya mwingine."

Sasa uko Nairobi na kazi umepata. Hatujui unafanya nini huko, na Kukhu anajivunia jambo hilo sokoni kuliko angejivunia kama angejua. Mimi nakukosa Jumamosi, ule wakati tulikuwa tunachambua kunde. Ulisema deni la kikundi litaisha kabla sijamaliza shule. Mimi bado sijui nitakulipaje lile langu, ila kwa kuwa nimeambiwa deni la kusema halitishi, nimelisema.

Jambo la mwisho. Siku hizi unapiga kwa nambari iliyofichwa, na umelalamika kwamba ya Kukhu haipatikani kamwe. Shangazi, usikate. Sikiliza vizuri. Utasikia kuku, na Kukhu akibana pua.

Nakusalimu kwa sauti ya chini, kama kawaida yangu,

Mpwa wako, yule wa karo