Niandikie Jina la Mji

Perugia, Italia
Jumanne, 4 Machi 2025

Mama mpendwa,
Hujambo? Mgongo unaendeleaje? Mimi mzima. Leo nimekwenda Spello kwa treni. Mji wote ni mawe ya rangi ya waridi, na kila dirisha lina chungu cha maua. Nyanya mmoja ameniona nikihema kwenye ngazi, akanitolea kiti mlangoni kwake. Hatukuelewana hata neno moja, tukakaa tu hadi jioni.
Mwanao, Abigail

Blacktown, Sydney
Jumapili, 9 Machi

Abi wangu,
Hapa tu wazima. Mgongo ni ule ule, tumezoeana. Barua pepe yako nimewasomea wamama wa chama chetu cha akiba, wakapiga vigelegele. Mama Chepngetich akasema, "Huyo ndiye msanifu wetu wa majengo!" Nilivyojishaua, usiniulize. Unakula lakini? Andika tena, na kwa Kiswahili hivyo hivyo, wajue sikukulea bure.
Mama yako

Perugia
Jumatano, 12 Machi

Mama,
Salamu nyingi, na kwa wamama pia. Leo Bevagna. Kuna fundi anayetengeneza karatasi kwa mikono. Nimemtazama mpaka akafunga duka. Kesho Trevi, Ijumaa labda Spoleto. Nakula.
Mwanao

Blacktown
Jumapili, 16 Machi

Abi,
Pole na baridi. Aki nimekaa hapa na kalenda. Jumanne Spello, Jumatano Bevagna, Alhamisi Trevi. Kwani masomo ni lini? Sigombi, mwanangu. Niambie tu.
Mama

Perugia
Jumatatu, 24 Machi

Mama,
Natumaini uko salama. Mimi siko. Sijaingia darasani tangu wiki ya pili. Nilisimama kueleza mchoro wangu mbele ya watu, sauti ikakataa kutoka. Kesho yake nikafika mlangoni, nikageuka. Nikibaki chumbani naogopa, kwa hivyo napanda treni. Mji mdogo unaweza kuumaliza kwa siku moja, na siku nayo inaisha. Usiwaambie wamama.
Abi

Blacktown
Jumanne, 25 Machi

Mwanangu,
Nimesoma nikiwa kazini, nikajifungia kwenye stoo ya shuka nikalia. Simu hushiki. Nimepigia chuo, wanasema wewe ni mtu mzima, hawawezi kuniambia lolote. Na mimi karatasi zangu bado ziko uhamiaji. Nikitoka nchini sirudi. Nawaogesha wazee wa watu, nawauliza wamelalaje, na wangu siwezi hata kumshika paji la uso. Nifanye nini, Abi? Rudi nyumbani. Kama huwezi, kila asubuhi niandikie jina la mji unaoenda. Neno moja tu, nijue umeamka.
Mama

Jumatano, 26 Machi
Spoleto.
Mwanao

Alhamisi, 27 Machi
Assisi.
Mwanao

Alhamisi, 27 Machi
Nimeiona kwenye ramani. Asante, mwanangu. Vaa sweta.
Mama

Blacktown
Jumanne, 1 Aprili

Abi, hujambo? Siku tano sijapata mji. Nimepiga simu mpaka nimechoka. Chama chote kinakuombea, nimewaambia, nisamehe. Andika mji wowote, hata kama hujatoka kitandani. Andika Blacktown, nami nitakuja kukungoja pale steshenini na sare zangu za kazi.
Mama yako

Perugia
Alhamisi, 3 Aprili

Mama,
Blacktown.
Nimefunga begi. Nimelikalia tangu asubuhi, mlango nashindwa kuufungua.
Abi