Kabla Udongo Haujakauka

Mama mpendwa,

Safari ameshinda. Naanza na hilo kwa sababu hukuwa na subira na barua zinazozunguka. Ukisomewa barua ulikuwa unasema, "Salamu nitazisikia baadaye, niambie kwanza nani amekufa na nani ameoa." Basi hajafa mtu wala hajaoa mtu. Kitindamimba wako ndiye bingwa wa taifa wa mieleka ya vyuo, upande wa wanaume, katika uzito wake. Na ubingwa huo ameutwaa hapa hapa Karatu, mbele ya watu wa Endabash waliojaa ukumbini kama mahindi kwenye kihenge.

Nimeyaandika yote kwenye daftari langu siku ile ile, tarehe juu, kama unavyonijua. Lakini daftari halicheki, na jambo hili linataka mtu wa kucheka naye. Ndiyo maana nakuandikia. Barua naiacha wazi ili na wengine wasome, maana tangu siku ile kila nikienda sokoni naulizwa kwa nini mdogo wangu alifanya alichokifanya pale kwenye mkeka, na nimechoka kueleza nusu nusu.

Lazima nianzie kwenye uwanja wetu wa kupuria maharage. Tukishamaliza kupura na kupepeta, Paskali na mdogo wake Safari waligeuza uwanja ule kuwa wa mieleka, na watoto wa jirani wakaja. Paskali mkubwa, mzito kama gunia la mbaazi; Safari mwembamba, mbishi, hakubali kuanguka mpaka aone mawingu. Wakimaliza, migongo yote ilikuwa myekundu, na udongo wetu unaujua: ukikauka kwenye shati jeupe la shule, shati hilo halirudi tena kuwa jeupe. Halafu walikuwa wananuniana. Aliyeangushwa hakai karibu na aliyemwangusha wakati wa kula, na makande yanaliwa kimya kama msibani.

Siku moja ulitoka jikoni na mwiko wenye ugali mkononi, ukasimama katikati yao. Nakusikia mpaka leo. "Sikilizeni nyie madume. Kuanzia leo aliyemwangusha mwenzake ampanguse mgongo kabla udongo haujakauka. Asiyepangusa hajashinda. Na shati atalifua yeye."

Paskali akauliza, "Hata kama nimemwangusha vizuri kabisa, aayo?"

"Hata umwangushe mpaka azame. Hujapangusa, hujashinda."

Walikuita aayo, kama wanavyoitwa mama nyumbani kwetu, pale walipotaka kukulainisha. Haikusaidia. Ukarudi jikoni, na uliponipita mlangoni ukaninong'oneza, "Sabuni itatumaliza, mwanangu." Mimi na wewe ndio tuliokuwa tunafua, kwa hiyo mimi peke yangu nilijua. Wao waliichukua kama sheria ya wazee. Watoto wa jirani wakaipeleka kwao, na haukupita muda kila aliyeangushwa upande wetu wa Endabash alikuwa anainuliwa, anageuzwa, anapanguswa kuanzia mabegani mpaka kiunoni. Kununa kukaisha. Jaribu wewe kumpangusa mtu mgongo huku umemkunjia uso. Mkono wenyewe unakataa.

Safari alikwenda chuo na sheria yako mgongoni. Huko akakuta mieleka ya mkeka, yenye mwamuzi na filimbi. Alitueleza likizo ile ya kwanza, unakumbuka, akitumia kuku wako kama mfano mpaka ukamnyang'anya. Kila tendo lina pointi zake, alisema, lakini ukimbana mwenzako mabega yote mawili chini, ukamtuliza mpaka mwamuzi apulize, mchezo umeisha hapo hapo, hata kama alikuwa amekuacha mbali kwa pointi. Uliuliza swali moja tu: "Na kupangusa?" Akacheka, akasema huko hakuna udongo. Lakini mkono ulishazoea, mama. Mkono haujui kama uko chuoni.

Mwaka jana aliingia fainali. Mpinzani wake alikuwa Lemayan, kijana mrefu wa chuo kingine, mzaliwa wa Endulen, miguu yake kama ya twiga. Safari alimbwaga. Mabega yote mawili yaligusa chini, ukumbi ukapiga kelele, na Safari, kabla ya filimbi, akamwachia ili amwinue ampanguse. Lemayan hakuwa na habari za sheria yako. Aligeuka kama nyoka, akapanda juu, akambana yeye. Filimbi ikalia.

Alipopiga simu ulikuwa umekaa nje unachambua mchele, tayari umekonda, shuka begani juani. Nikaweka sauti ya nje. Hukumuuliza kama ameshinda. Ulimuuliza, "Ulimpangusa?"

"Nilianza kumpangusa, mama, ndiyo akanigeuza."

Ulicheka mpaka kikohozi kikakushika. Halafu ukasema, "Haya, lete nguo nifue." Alipokata simu ukanigeukia mimi, ukafuta machozi ya kicheko, ukasema, "Mjinga huyu mtoto. Nani alimwambia akimbilie? Udongo haukauki kama mate."

Hukuifua nguo ile. Aliporudi nayo ulikuwa umeshalala kule nyuma ya migomba, na watu walikuwa wengi, na maneno yako ya mwisho kuhusu mieleka hayakuwa ya kusemwa wakati ule. Nikayahifadhi.

Mwaka huu ulikuwa wa mwisho kwake chuoni. Hakuna mwingine tena. Akimaliza mitihani anatafuta kazi, na bingwa wa vyuo lazima awe wa chuo. Mashindano yakaletwa Karatu, kwenye ukumbi wa chuo kimoja hapa mjini, na kocha wake alikuja nyumbani kabla, akanywa chai, akatueleza shida iliyompata. Tangu msiba Safari alikuwa amegoma kumbana mtu chini. Anashinda kwa pointi tu. Anamwangusha mtu, anamzungusha, anamsukuma nje ya duara, lakini ikifika kumbana mabega, analegea.

"Nimemwambia aache hiyo tabia ya kumfuta mtu vumbi kama meza ya hoteli," kocha alisema. "Kwa wengine pointi zinatosha. Kwa yule wa Endulen hazitatosha. Yule lazima umbane."

"Na yeye anasemaje?" nikauliza.

"Anasema, kocha, nikiiacha ile, mama nitamwambia nini?"

Baba alitazama kikombe chake. Unamjua baba, maneno yake anayatoa kama mbegu.

Asubuhi ya fainali nilimpelekea Safari uji. Alikuwa amekaa kwenye ngazi za ukumbi, amejifunika jaketi, hali chochote. Ndani alikuwa ameshafika fainali kwa pointi, siku mbili za kushinda kwa woga. Nikakaa pembeni yake, nikamwuliza, "Sheria ya mama inasemaje? Neno kwa neno."

"Dada, siyo leo."

"Neno kwa neno, Safari."

Akapumua. "Aliyemwangusha mwenzake ampanguse mgongo kabla udongo haujakauka."

"Imesema wakati gani?"

"Kabla udongo haujakauka."

"Imesema mara tu akigusa chini? Imesema kabla ya filimbi?"

Akatikisa kichwa. Ndipo nikampa maneno yako. Kicheko, kikohozi, machozi, yote, na mwisho lile la mate. Kisha akachukua bakuli la uji, akalimaliza, akaomba jingine.

Ukumbi ulikuwa na pande mbili. Sisi wa Endabash tulikuja kwenye lori la vitunguu, na tulinuka hivyo. Upande wa pili walikaa watu wa Endulen na shuka zao, fimbo wameambiwa waziache mlangoni, jambo lililowauma. Mama mmoja wa kwao, shanga shingoni mpaka kifuani, alianza kabla hata vijana hawajaingia.

"Lemayan! Mlaze huyo mkulima, amezoea kulala shambani!"

Paskali akajibu, "Yeyo, leo mwanao atajua udongo unavyolimwa!"

"Mmekuja na kitanda cha kumbebea ndugu yenu?"

"Kitanda kipo! Tutawaazima nyie!"

Yeyo ndivyo wanavyomwita mama kwao, na Paskali alilitamka kwa heshima zote, na yule mama alifurahi kuheshimiwa huku akitukanwa.

Kipindi cha kwanza kilikuwa cha Lemayan. Mikono yake mirefu ilifika kila mahali. Alimdaka Safari mguu, akamwangusha, akapata pointi, akarudia tena. Watu wetu wakaanza kutazama viatu vyao. Baba alikuwa ameshika kofia yake kwa mikono miwili, anaikamua kama kitambaa cha maji. Kipindi cha pili kilipoanza tulikuwa nyuma, na hesabu ya kocha ilikuwa kweli: pointi zisingetosha.

Halafu Lemayan akaja tena kudaka mguu, kwa kuwa mara mbili ulikubali. Safari hakurudi nyuma. Alimwacha aje, akamkumbatia kifuani, akaupinda mgongo, na yule twiga wa Endulen akapaa, mama, miguu juu, akatua chali. Mabega mawili chini. Ukumbi ukalipuka.

Na mimi nikauona mkono wa Safari ukilegea. Ule wa kulia. Wengine hawakuuona, lakini mimi nimeufulia nguo tangu mdogo. Vidole vilifunguka kidogo. Nikasimama juu ya benchi, nikapiga kelele ambayo sikujua ninayo:

"Haujakauka!"

Paskali akanitazama mara moja, akaelewa. "Haujakauka!" Wale wenzetu wote waliokulia kwenye uwanja wako, sasa watu wazima wenye ndevu na watoto, wakasimama: "Haujakauka! Haujakauka!" Hata wanafunzi wa vyuo vingine, wasiojua kilichokauka wala kisichokauka, wakapokea. Vidole vikafunga. Lemayan akainua kiuno kama daraja, akajipinda, akasukuma kwa visigino, na Safari amelala juu yake kama jiwe la kusagia, macho ameyafumba. Mwamuzi akalala kifudifudi kuchungulia mabega. Akapiga mkeka kwa kiganja. Filimbi.

Sitaki kukueleza kelele zile, zitakuamsha. Nikueleze kilichofuata, maana ndicho watu wanachoniuliza sokoni. Bingwa mpya wa taifa hakurukaruka. Hakuinua mikono. Alisimama, akampa Lemayan mkono, akamwinua, akamgeuza, akaanza kumpangusa mgongo. Kuanzia mabegani mpaka kiunoni, taratibu, kama ulivyotaka. Mkeka wenyewe ulikuwa safi ungeweza kulia ugali juu yake. Kicheko kikaanza kwenye kona moja na kuenea.

Nilikuwa karibu, nikawasikia. Lemayan alisema, "Wewe, unafuta nini? Hakuna kitu hapo."

Safari akasema, "Mwaka jana ulinikatiza. Namalizia."

Lemayan akafikiri. Nikamwona akikumbuka. Akacheka mpaka akashika magoti, halafu akasema, "Haya, na wewe geuka," na yeye akampangusa Safari. Hapo hata fimbo za mlangoni zingepiga makofi.

Yule mama wa shanga alinifuata tulipokuwa tunatoka. Alinishika mkono. "Binti, ile ni dawa?"

"Ni sabuni, yeyo," nikamwambia. Hakuelewa, lakini alibariki.

Tulirudi Endabash kwenye lori tukiimba, jua bado liko juu. Safari alikwenda moja kwa moja nyuma ya migomba na medali yake. Alikaa huko, nasi tukamwacha. Alipotoka alikuwa amevaa shati lake jeupe, anatabasamu, na watu wamejaa kwenye uwanja wa kupuria wakimngoja. Ndipo Paskali, mwenye tumbo siku hizi, aliponyata kwa nyuma akamkata ngwala. Bingwa wa taifa akaenda chini pu, chali, kwenye udongo wako mwekundu. Watu wakapiga vigelegele. Kisha kicheko kikafifia, na sote, mama, bila kupanga, tukageukia mlango wa jikoni.

Hakuna aliyetoka. Kimya kikaanza kuwa kirefu. Na kutoka kwenye kigoda chake baba akapaza sauti ambayo hatujaisikia tangu msiba:

"Paskali! Mpanguse mwenzio kabla haujakauka, au utalifua wewe!"

Paskali alipangusa. Lakini alikuwa anacheka na kulia, akachelewa, na udongo ukawahi.

Shati nimelifua mimi jana. Safari hajui bado kwamba sheria yake kubwa ilitokana na sabuni. Atalijua hapa akisoma. Nilipokuwa nalisugua nilijiuliza kama hata hilo la sabuni lilikuwa kweli, au uliniambia hivyo mimi kwa sababu ulijua kila mtoto wako anahitaji nini: wao sheria, mimi sababu. Hutanijibu, najua. Nililisugua mpaka povu likawa la rangi ya matofali. Bega moja limekataa kutakata. Nimelianika hivyo hivyo kwenye kamba yako, upande wa barabara, ambapo kila anayepita ataliona.

Lala vizuri, aayo. Leo hakuna kilichobaki cha kufua.

Ni mimi, binti yako, mfuaji mwenzako