Mvule wa Mutegi

Karurumo, Runyenjes
12 Oktoba, 2025

Mpendwa ndugu yangu Njue,

Pokea salamu nyingi kutoka nyumbani. U hali gani huko Winnipeg? Kile kifua kilipona, au baridi imeanza kukurudia tena? Sisi ni wazima kwa neema ya Mungu. Mama analalamikia magoti tu. Kahawa imeiva na tumeanza kuchuma.

Sasa nikueleze habari za ile dek, maana najua binamu yetu Mutegi alikueleza nini, na najua ulimwamini.

Ulipotaka Mama ajengewe hiyo dek, sakafu ya mbao mbele ya mlango, apate kukaa nje bila kukanyaga matope, kazi ulimpa Mutegi. Kwa nini? Ana helmeti ya njano na anapiga picha nzuri. Njue, choo alichojijengea huyo mtu kimeegemea mgomba!

Januari alishusha mbao nyekundu. "Mvule," akatangaza, "wa miaka hamsini." Niliinua ubao mmoja kwa mkono mmoja. Mvule gani mwepesi hivyo? Nikaukandamiza kwa ukucha, ukucha ukazama, na rangi ikabaki kidoleni. Ilikuwa mukima, mti ule ule tunaopanda kando ya kahawa, umekatwa juzi, bado una maji, umepakwa rangi. Nilimwambia hautastahimili mvua. Akacheka mbele ya mafundi.

"Mwalimu, wewe fundisha watoto silabi. Mbao tuachie wanaume."

Nilikupigia simu siku hiyo hiyo. Ukaniambia nina wivu, na kwamba picha ulizotumiwa zinapendeza. Digrii mbili, Njue, na mbao unazichagulia kwenye simu.

Kufika Aprili mbao zilikuwa zimejikunja kama chapati iliyosahauliwa juani. Nguzo alizifukia tu udongoni, na mchwa wakapanda kama wamealikwa. Nilimkataza Mama kukaa pale, lakini alisema mwanawe ndiye aliyemjengea.

Mwezi wa tano akina mama wa kanisa walikuja kumwombea. Mutegi, ambaye hakuna aliyemwita, akasimama katikati kusifu kazi yake. Alipofika kwenye neno "ubora" ubao ukakatika. Mguu ulizama hadi pajani, na kiti cha Mama kikaanza kuteleza kuelekea shimo lile. Nilimdaka kwa leso aliyojifunga. Chai ya moto ikanimwagikia mkononi, kovu lipo.

Mama alikuwa bado ameng'ang'ania bega langu, lakini alimtazama Mutegi pale aliponasa, akasema, "Tuanze maombi. Huyu ameshapiga goti."

Akina mama wenzake walicheka mpaka wakashikana. Mimi sikuweza. Tangu siku hiyo Mama hakutoka nje tena. Miezi mitatu alikaa sebuleni akitazama ukuta, na mtu akimwambia jua limetoka, anasema limtokee Mutegi.

Shule zilipofungwa Agosti nilishuka Mbeere kutafuta mbao za kweli, karibu na Siakago, kwa mama mmoja anayeitwa Ciakuthii. Alipanda mukau, mti mgumu wa nchi kavu, shambani kwake miaka kumi na minane iliyopita, akaupasua mwaka jana na kuukausha kivulini. Aliniuliza swali moja tu, ambalo Mutegi hakuwahi kujiuliza.

"Mbao za ndani au za nje?"

"Za nje, mama."

Akazisukuma pembeni zenye weupe. "Hizi mpelekee adui yako. Kwa nje unataka moyo wa mti, huu mwekundu. Mchwa wakiuonja huenda zao."

Nikamuuliza kuhusu mvule. Akasema anayeuza mvule kwa bei rahisi ama amekudanganya ama ameuiba msituni. Nilijaribu ukucha kwenye mukau wake, ukakatika ukucha.

Njura, fundi asiye na helmeti wala maneno, alisimamisha nguzo juu ya saruji na kuacha nafasi ya kidole kati ya ubao na ubao ili maji yapite. Ilimchukua siku sita. Mama alizipanda ngazi mwenyewe, polepole, akapiga sakafu kwa mkongojo mara tatu, kisha akaketi.

Jumapili iliyopita Mutegi alikuja, akarukaruka juu ya sakafu mpya na kusema, "Hata mimi nilikuwa napendekeza mukau." Nilimpa uji, kwa kuwa nyumba hii haimnyimi mtu chakula.

Na wewe bado nimekukasirikia. Mama alikusamehe zamani. Hiyo ndiyo tabia yake mbaya. Jana nilimkuta nje ameweka kiti cha pili kando yake. Nikamuuliza nikuandikie nini.

"Mwambie asitume kitu," akasema. "Aje akae."

Nisalimie mkeo Ednah na Mugambi mdogo. Shangazi Ruguru anawasalimu nyote. Mungu awafunike kwenye theluji hiyo na akuonyeshe njia ya kurudi.

Ni mimi dada yako, nikupendaye hata nikikugombeza,

Rwamba