Mguu Uliobaki Juu

Timbwani, Likoni
2 Februari 1948

Mpendwa Mshauri,

Naomba msaada wako kabla sijachelewa, mimi ni Gershom Tsuma, karani wa mizigo, na mwezi uliopita bwana wangu wa Kizungu aliandika neno moja katika ripoti yangu, hesitancy, nikalipeleka kwa Mwalimu Absalom, akaniambia ni kusitasita, na kwamba Waingereza hulitumia kwa mtu aliyekwisha kuinua mguu ila hajui autue wapi, na tangu siku ile neno hilo lanifuata kila mahali, nasimama kivukoni, feri inajaa watu inaondoka bila mimi, nami natazama maji tu, nasikia raha kama mtu aliye usingizini. Lakini hilo si kubwa, Mshauri, kubwa ni Kache, binti wa Mzee Kaviha, ambaye nampenda sana, kwani ami yangu Kahindi yu tayari kupeleka kadzama, lile tembo la mnazi la kuposea, anangoja nimwambie tu, "Peleka," nami kila nikifungua kinywa namwona Kache mbele ya baba yake akiulizwa, "Tunywe, tusinywe?" naye kimya, tembo linachacha, wazee wanatazama chini, basi namwambia ami, "Kesho." Mzee Kaviha amesema Pasaka ikifika bila kadzama yetu atapokea ya mtu wa Kisauni. Nifanyeje?

Gershom mwanangu,

Pole, ila pole yangu ni fupi. Kusita si dhambi. Hata mgema husita chini ya mnazi wake, kisha hukwea. Wewe pale chini umejenga nyumba, na sasa wamsingizia Mzungu aliyekutajia tu ulichokuwa nacho. Na huyo Kache anayenyamaza ni wa ndotoni. Wa kweli umemuuliza? Barua nzima haina neno hata moja lililotoka kinywani mwake. Huenda anakungoja, na anaona haya kwa ajili yako.

Halafu nimetazama muhuri wa posta. Barua hii uliitia posta tarehe kumi na tisa Machi. Wiki sita ilikaa mfukoni mwako, na Pasaka ni keshokutwa.

Nenda kwa ami yako sasa hivi, mwambie, "Peleka," usiongeze neno. Mnazi ugemwe kesho alfajiri, kadzama ifike kwa Mzee Kaviha kabla jua halijawa kali. Kache akikataa utalia, na utapona. Lakini akiolewa Kisauni bila kuulizwa habari zako, hilo sina dawa yake.

Na kama umesoma mpaka hapa bado umekaa, funga gazeti.