Chungu Nilichokiepua Mapema

Mama, shikamoo. Hapa Buffalo theluji inafika magotini. Sisi ni wazima, ila jana nusura niue mtu.

Nilimsindikiza Dada Yosefina kazini, kwa bibi mzee wa Kijapani ambaye Dada humtunza. Bibi akaniomba nimchemshie dawa ya kwao ya magoti: mizizi, chungu cha udongo, moto mdogo, saa nzima. Mzizi mmoja una sumu usipoiva vizuri, nami sikulijua hilo. Mimi nikaona maji yamekuwa meusi, nikaepua baada ya dakika ishirini.

Bibi alionja tone tu, akatema. "Ulimi umekufa ganzi," akasema polepole. "Nani ameepua?"

"Ni mimi, Bibi."

Dada akaita gari la wagonjwa. Hospitalini tulikaa hadi jioni tukiikodolea macho mashine inayopima mapigo ya moyo wake. Mwishowe daktari akasema Bibi yuko salama. Nikaanza kulia.

Bibi akanishika mkono. "Ukija tena utachemsha wewe. Mimi nitakaa kando yako na saa mkononi, usiepue kabla ya wakati."

Niombee, Mama. Nawakumbuka wote hapo Louisville, na wewe kuliko wote.

Mwanao, Anjelina