Shiraa ya Magurudumu

Jumatano, Mfungo Tano. Joto. Kaskazi inaishia, upepo unakuja kwa pumzi fupi kama mtu aliyepanda ngazi na mzigo, na chumba chetu cha juu bado kina harufu ya asumini zilizokaukia kwenye mto wa kulalia. Nimekaa na kalamu tangu nirudi kutoka sala ya alasiri. Kila nikitaka kuanza, mkono unaandika jina la mke wangu.

Rukia.

Haya, nimeliandika. Labda sasa utaniacha niendelee.

Fungate yetu ilikwisha juzi. Siku saba tulikaa ndani kama desturi inavyotaka, tukiletewa chakula mlangoni na kubishiwa hodi kwa adabu kubwa kuliko tuliyostahili. Kwetu mume ndiye anayehamia kwa mke, kwa hiyo mimi nimekuja hapa mtaa wa Mkomani na kasha moja na mswala, nikapewa orofa ambayo baba mkwe wangu, Bwana Omari, alimjengea binti yake. Ninalala katika nyumba ya watu, ninakula sahani za watu, na sijawahi kujiona niko nyumbani kama sasa.

Nina furaha kiasi cha kuona haya. Nikisikia hatua kwenye ngazi naijua ni yake kabla hajafika mlangoni. Akicheka huziba mdomo kwa ncha ya leso, nami hujitahidi kusema upuuzi mwingine ili azibe tena. Nilisoma Unguja, katika shule ya serikali, nikafundishwa hesabu na Kiingereza na mito ya dunia. Hakuna aliyenifundisha la kufanya na moyo uliojaa namna hii.

Lakini leo kichwa changu kimevurugika, na nataka niandike mpaka kitulie.

Kazi yangu ni ya msimu. Kila mwisho wa kaskazi huondoka Amu kwa jahazi hadi Mombasa, kisha meli ya moshi hadi Beira, kisha gari la moshi kuelekea bara. Pale reli inapotuacha ndipo njia yangu inapoanza. Tajiri wetu ana gari kubwa la mbao lililofunikwa turubai, linalovutwa na punda waliofungwa wawili wawili. Zamani lilivutwa na ng'ombe, lakini maradhi yaliwamaliza ng'ombe wa nchi zile. Mimi ni karani. Tunapeleka nguo, chumvi na sukari kwenye maduka ya porini na kwenye migodi, kusini ya mto Zambezi, mwendo wa miezi. Mvua zikirudi, magurudumu yanazama, kazi inakwisha, nami narudi kwetu. Hapa Amu tunaulizana upepo ni upi. Kule watu huulizana kama mto unavukika.

Huo ndio umekuwa mwaka wangu tangu nimalize shule. Nilidhani naupenda.

Katika fungate, kila nilipoishiwa maneno ya mapenzi nilimsimulia Rukia ile njia. Nilimweleza asubuhi za baridi ambapo nyasi zina weupe kama zimenyunyiziwa chumvi, na ukizikanyaga zinalia. Vilima vya mawe makubwa yaliyopandana, kama kuna mtu aliyekuwa akiyapanga akaitwa kula asirudi tena. Miti inayotoa majani mekundu kabla mvua haijafika, msitu mzima, mpaka unadhani jua limesahau kuzama. Alisikiliza huku kaegemea ukuta, kidevu juu ya magoti. Aliuliza zaidi kuhusu gari.

"Hiyo turubai yafunika mbee tu, au pande zote?"

"Pande zote."

"Na alo ndani haonekani?"

"Ukifunga nyuma, hata jua halijui kama umo."

Akaushika mkono wangu kwa mikono yake miwili. Nikafikiri ni mapenzi tu. Sikuona kama pana neno jingine ndani yake.

Tangu fungate iishe, nyumba hii imebadilika. Mama mkwe, Bi Hidaya, ambaye siku za posa hakunitazama usoni, sasa ananivizia kwenye ngazi na maswali.

"Baba, huko nti hizo, kibla chaelekea wapi?"

"Kaskazini, mama, na kuingia mashariki kidogo."

"Na baridi yake?"

"Kali, mama. Maji hulala yakaamka magumu."

Basi jana nikamkuta ukumbini anashona godoro jembamba la sufi, sindano mdomoni, na hakunieleza ni la nani. Bwana Omari naye, ambaye punda wake hubeba mawe na chokaa ya wajenzi, alinikalisha barazani baada ya magharibi akaniuliza punda wetu wanapumzishwa lini, wananyweshwa kabla ya kula au baada, na kama mwendeshaji wa gari huwapiga masikioni. Nikasema huwapiga. "Mwambie aache," akasema. "Punda akipigwa sikio huweka kinyongo, na gari ni lenu." Halafu akaitikia salamu ya mtu barabarani na mazungumzo yakaisha.

Na Rukia wangu anaimba. Anakausha mikate ya mofa juani, mikate ya safari, huku anaimba.

Niseme ukweli, niliumia. Niliona watu watatu wanashindana kunifungashia. Nikajiuliza kama siku saba zimetosha kumchosha, kama nakoroma, kama kuna jambo somo wake alimfundisha ambalo mimi nimelikosea. Usiku nilimtazama akiwa amelala na sikupata jibu kwenye uso ule. Mtu gani anaimba wakati mumewe anaondoka?

Ndipo nikaamua. Siendi.

Niliona hiyo ndiyo zawadi kubwa ninayoweza kumpa: mwaka mzima wa mimi. Leo asubuhi nikaenda forodhani kwa wakala wa tajiri wetu, mtu mnene mwenye mzaha, nikamwambia atafute karani mwingine.

"Bwana arusi," akasema, "ndoa imekukata miguu?"

"Imenipa pa kuiweka."

Akacheka mpaka tumbo likatikisika. "Haya. Jahazi la Mombasa laondoka Ijumaa baada ya sala. Nakupa mpaka kesho asubuhi. Nimeona wengi kama wewe. Asali ikipungua huja wakikimbia na kasha kitwani."

Nilirudi nyumbani kupitia vichochoro vya nyuma ili nisikutane na mtu akaniharibia furaha. Nikapanda ngazi mbili mbili.

Rukia alikuwa amepiga magoti mbele ya kasha langu. Lilikuwa wazi. Chini kulikuwa na nguo zangu, zimekunjwa vizuri kuliko ninavyozikunja mimi. Juu yake kulikuwa na leso zake, wanja wake, marashi, chupa ya maji ya waridi, na msahafu wake mdogo ndani ya mfuko wa hariri.

"Rukia, hizi zako zafanya nini humu?"

"Zasafiri."

"Ziende wapi?"

Akanitazama kama mimi ndiye niliyeuliza jambo la ajabu. "Huko uliponiita."

"Nilikuita lini?"

"Siku saba nzima," akasema. "Mume humweleza mkewe kuwa turubai yafunika pande zote kwa sababu gani, kama si kumwambia kuwa sitara yake iko?"

Nilikaa kitandani.

Ni lazima nieleze, kwa atakayesoma haya akiwa si wa hapa. Wanawake wa nyumba hii wakitoka huenda ndani ya shiraa, yaani pazia kubwa juu ya miti linaloshikwa na watumishi huku na huku, nao hutembea katikati bila kuonekana. Ndivyo Rukia alivyokwenda kwa shangazi yake, na ndivyo alivyokwenda kila alikokwenda, akiona ardhi ya mbele ya miguu yake na visigino vya mtumishi. Sasa nikamwelewa. Mimi nilikuwa nikisifu gari. Yeye alikuwa akisikia naposa upya.

"Nikamwambia mama, ni shiraa ile ile, ila ina magurudumu, na haina haja ya watu kuibeba," akasema. "Mama akamwambia baba. Baba akataka kwanza kuyua habari za punda. Jana karidhika."

Nyumba nzima ilijua ninamchukua mke wangu. Mimi peke yangu ndiye niliyekuwa sijaambiwa.

Sikucheka. Nilimwambia nimetoka forodhani kukataa kazi.

Alikuwa ameshika leso mkononi. Aliiweka chini polepole. "Kwa nini?"

"Kwa ajili yako."

"Hukuniuliza."

"Na wewe hukuniuliza."

"Mimi nilidhani nimeshajibu."

Kisha akageuka dirishani. Akasema, bila kunigeukia, kwamba tangu azaliwe anajua ndia mbili, ya kwa shangazi na ya ziarani, na zote mbili azijua kwa miguu tu, mato hayajaziona.

Sijui nilihisi nini. Furaha, kwa sababu haimbi ili niondoke. Hofu, kwa sababu nilijua nilichomfanyia. Nilimpa njia ile kama mtu anayempa mgeni embe baada ya kukata upande uliooza. Nimempa majani mekundu na mawe yaliyopandana. Sikumwambia mengine.

Kwa hiyo nikamwambia. Nilimketisha, nikamwambia yote.

Nilimwambia kuhusu simba waliomchukua punda akiwa bado kafungwa kwa mwenzake, na jinsi yule mwenzake alivyobaki amesimama. Nilimwambia kuhusu mto wa mchanga ambapo gari lilikwama mpaka tukala chumvi na unga mkavu. Kuhusu siku nyingi bila kuona mwanamke hata mmoja, na hakuna wa kumwelewa akisema Kiswahili. Nikamwambia habari za Mzee Amade wa Angoche, aliyekuwa Mwislamu pekee pamoja nami. Alishikwa na homa akafa asubuhi moja tukiwa njiani. Nilimwosha mwenyewe kwa maji ya pipa la punda, nikamsalia peke yangu, kaburi nikalichimba kwa jembe la kufukulia magurudumu. Mwendeshaji alinisubiri, lakini hakushuka.

Nikamuuliza, "Na ukichukua mimba?"

Akainama. "Wake wa kule huzalia wapi?"

"Majumbani mwao."

"Basi kuna majumba," akasema.

Nilitaka kukasirika, nikashindwa. Nilimwambia hakunielewa. Akasema amenielewa. Kisha akauliza swali moja tu.

"Wewe ulipopata homa, alokupa mayi nani?"

Sijawahi kuulizwa. "Hakuna," nikasema. "Nilikuwa nikingoja gari lisimame."

Alirudi kwenye kasha. Nilidhani anatoa vitu vyake, na moyo wangu ukazama, nikashangaa kwa nini unazama, kwani si hivyo ndivyo nilivyotaka? Alitoa marashi. Akatoa chupa ya maji ya waridi na kioo chenye pembe za fedha alichopewa na bibi yake. Akashuka chini, nikamsikia akizungumza na mama yake kwa sauti ndogo, na Bi Hidaya akisema, "Chukua na kikombe kile kikubwa." Aliporudi alikuwa na vikombe viwili vya bati, blanketi nzito ya Bwana Omari, na furushi la dawa chungu za homa. Akaviweka pale marashi yalipokuwa.

Yuko chini sasa, nasikia kinu. Mimi niko hapa na kalamu na nimechanganyikiwa kuliko nilipoanza. Naogopa kumchukua. Naogopa kumwacha. Jambo nililodhani ndilo salama, la kukaa naye hapa, naliogopa pia, maana nitamwona akikaa dirishani na nitajua anatazama nini. Na kuna mtu ndani yangu, simpendi lakini ni mimi, ambaye tangu saa ile hajaacha kufikiri juu ya Rukia akiamka katika baridi ile na kuweka unyayo wake kwenye nyasi nyeupe, bila pazia, kwa kuwa kule hakuna hata mtu wa kumtazama ila mimi.

Sina hakika ya lolote ila hili. Kesho baada ya alfajiri nitakwenda forodhani, na yule mnene anicheke apendavyo. Nitamwambia sisi ni wawili. Akisema gari halina nafasi ya wawili, basi halitapata hata mmoja.

Natamani kupambazuke.